Machela Begani

Jumatano, 12 Machi 1969

Mvua ya kwanza leo, ya kuchokoza tu. Imelowesha vumbi ikaenda zake. Mke wangu Wanu keshatafuta ndoo za kukinga chini ya dari, na mimi nshaanza kuuguza magoti.

Daktari Zulfikar katukusanya sote asubuhi: wauguzi, makarani wa dirisha la vyeti, dereva, na sisi wachukuzi wa machela, mimi na Jecha. Kasema kuanzia leo mgonjwa akija analalamika kifua kinambana, asisimamishwe dirishani kuandikiwa cheti. Aingizwe ndani, alazwe, awekewe hewa, apigwe sindano, na cheti kitamfuata huko huko kitandani. Makarani wamenuna. Mmoja akauliza, "Na ikiwa ni kiungulia tu?" Daktari akasema, "Ntamwomba radhi."

Kisha akatugeukia sisi wawili. Gari ya hospitali haiingii vichochoroni, inangoja Darajani, na kutoka nyumba ya mgonjwa hadi garini ni miguu yetu. "Moyo ni nyama," akasema. "Nyama ikikosa damu hufa, na iliyokufa siwezi kuifufua. Nleteeni mtu kabla haijafa." Nikajisemea moyoni, kijana huyu karudi juzi kutoka masomoni, hana hata unywele mmoja mweupe, anakuja kunifunza kuchukua machela niliyoichukua tangu yeye yuko skuli. Nikaitika naam.

Jumanne, 18 Machi

Tumeitwa Hurumzi. Tumefika, mgonjwa anaoga. Kifua kimembana tangu alfajiri, wamemkanda kwa mafuta, wamemnywesha tangawizi, na sasa kwa kuwa anakwenda hospitali lazima aende msafi. Tukakaa ukumbini na machela yetu. Kaoga, kajitia marashi, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, akashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe akatwambia yeye si maiti hata achukuliwe.

Kafika mzima kwa rehema za Mungu. Daktari kaghadhibika, na ghadhabu zake ni za kusema polepole. "Mwenye maumivu ya kifua asikanyage hata ngazi moja. Akitaka kuoga, ataoga akipona."

"Na akikataa kulala, daktari?" Jecha kauliza.

"Mlaze kwanza, umbembeleze baadae."

Ijumaa, 28 Machi

Mvua kutwa. Usiku tumekula kwa wakwe. Mwalimu Shaame, baba yake Wanu, kanichagulia kichwa cha samaki kwa mkono wake. Ndiye aliyenifunza alifu nikiwa na miaka saba, ndiye aliyenioza binti yake, na hata leo nikikutana naye njiani nafunga mwavuli wangu nnyeshewe mpaka apite. Wanu hunicheka kwa hilo. Mimi sioni cha kuchekwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Foleni ya mchele, Wanu karudi na nusu ya alichokwendea.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nataka kuandika yote, maana nikilala nayo kichwani sitolala.

Tuliitwa Kiponda kabla ya adhuhuri, nyumba ya Bwana Noorali, yule muuza nyuzi na vifungo. Tulipanda ngazi, tukamkuta kakaa kitandani kashika kifua, jasho linamtiririka na huku kuna baridi. Mkewe, Bi Kulsumbai, alikuwa akimpepea kwa upawa, sijui kwa nini upawa, naona ndicho kilichokuwa mkononi. Bwana Noorali akataka koti lake. Jecha akamwambia koti litakuja, akamlaza. Ngazi za nyumba ile ni za kupanda mbuzi, lakini tulimteremsha bila kumgonga popote. Nlifurahi. Wallahi nlijiona fundi.

Chini, maji yamejaa mtaani hadi kwenye ugoko, na mvua inamwagika kutoka mapaani. Bwana Noorali akasema mvua inamwingia puani. Nikamfunika shuka jeupe la hospitali, mwili mzima pamoja na uso, nikamwambia, "Ntakufunua mbele, bwana." Kwa ajili ya maji tukaipandisha machela begani. Wanaume wawili waliokaa barazani wakashuka wakatia mabega yao bila kuambiwa, na mimi nikaona hiyo ni kheri. Nikamwambia Jecha, "Kimbia ukafungue mlango wa gari, hawa watansaidia."

Hapo ndipo nlipokosea, na bado sikujua.

Machela begani, shuka jeupe, mtu kafunikwa uso. Hapa kwetu nani asiyejua maana yake? Mtu anaacha kahawa yake, anaacha duka wazi, anakuja kutia bega, japo hatua tatu, apate thawabu zake ampishe mwengine. Hawaulizi ni nani, maana jeneza haliulizwi mwenyewe. Kabla hatujafika mwisho wa kichochoro walikuwa watu kumi na zaidi, wanapokezana, na kila wakipokezana tunasimama kidogo. Nikawa nasema, "Jamani, jamani," lakini hata kwenye mazishi watu husema jamani.

Kisha akatokea Mwalimu Shaame. Akauweka mwavuli wake kando ya ukuta, akaja mbele akashika mti wa machela wa kulia, akanyanyua sauti: La ilaha illa llah. Wote wakaitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu uliitikia pamoja nao.

Penye njia panda, kulia ni Darajani, kushoto ni msikitini. Mwalimu akapinda kushoto.

Nikasema, "Mwalimu." Nlisema kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Hakunisikia. Ningeweza kupiga kelele. Sauti ninayo, na mtaa mzima ungesikia. Lakini miaka yote ya umri wangu sijapata kumkatiza Mwalimu akitaja jina la Mungu, tena mbele za watu, tena kumwambia kuwa anamsomea mtu aliye hai. Nikaona haya. Nikenda nao.

Mlangoni pa msikiti mtu akauliza maiti wa nani. Watu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Bado nafasi ilikuwapo. Nikasema, "Si wa msikiti huu, Mwalimu. Ni wa Kihindi, wenziwe wanamngoja Darajani." Nlisema hivyo ili asifedheheke. Mwalimu akasema, "Basi tumfikishe kwa wenziwe," na wakatugeuza, wakatufikisha kwa adabu zote, kwa kupokezana, kwa dhikri, hadi nyuma ya gari ya hospitali. Wakanipa mikono mmoja mmoja. Mwalimu akasema, "Allah amrehemu," akarudi kutafuta mwavuli wake.

Nikafunua shuka. Bwana Noorali alikuwa na macho wazi, akinitazama. Midomo yake ilikuwa ikienda.

Alikata roho gari ikiingia lango la hospitali. Daktari alimrukia pale pale, akambana kifua kwa mikono miwili hadi jasho likamtoka. Hakurudi.

Jumanne, 8 Aprili

Wamemzika. Sikwenda.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari kaniita chumbani kwake. "Hapa na Kiponda ni pua na mdomo, Msabah. Mlikuwa wapi?" Jecha alikuwa kashamwambia kuwa yeye alitangulia garini akangoja, akangoja; la watu waliotufikisha hakulitaja, kaniachia mwenyewe.

Nikasema, "Mvua, daktari. Maji yamejaa njia zote."

Kaitikia kwa kichwa akaandika. Akaniuliza wapi maji yanatuama zaidi, na mimi nikamtajia, mtaa kwa mtaa, kama mtu mkweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwanawe Bi Kulsumbai, Hasan, kaja hospitali na bakuli la biriani limefungwa kitambaa. Kasema, "Mama kasema hili lako wewe na mwenzio. Kasema mlimchukua baba vizuri, hamkumgonga ukutani." Jecha kala mpaka kalamba vidole. Mimi nlisema nimefunga. Leo si siku ya kufunga, na Jecha anajua.

Jumatatu, 21 Aprili

Daktari kaihangaikia mvua wiki mbili. Keshakwenda kwa wakubwa wa mji, kafukuzwa, karudi tena. Leo vimefika viatu vya mpira, jozi nne, na turubai jipya la kufunikia mgonjwa, refu, lisilopitisha hata tone. Na mitaro ya Kiponda inazibuliwa. Mwenyewe nimemwona kasimama na suruali kaikunja, anawaonesha wazibuaji nlipomwambia maji yanatuama.

Kaniita mbele za wenzangu akasema, "Kama si Msabah kunieleza wazi, nisingejua pa kuanzia." Nlitamani ardhi ipasuke niingie. Nikavivaa viatu vile. Vinanienea sawasawa.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Mgonjwa mmoja, mwanamke, Malindi. Hakukuwa na watu njiani, tulifika haraka. Daktari kasema, "Unaona? Ni maji tu." Nikaitika naam.

Nimechoka na naam zangu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo tumeitwa Mkunazini, kwa Jaku fundi makufuli, watu wakiwa karibu kutoka kusali Ijumaa. Kifua, mkono wa kushoto, jasho. Mvua kubwa. Tukamfunika turubai jipya la daktari, na turubai lile, likishakaa juu ya mtu, ni jeneza hasa, limezidi hata lile shuka. Mitaro imezibuliwa Kiponda, Mkunazini bado. Tukapandisha begani.

Nlijua. Nasema hapa wazi kuwa safari hii nlijua tangu hatua ya kwanza, na bado nlipandisha, nikajidanganya kuwa tutapita kabla watu hawajatoka. Walikuwa wameshatoka. Wakaja kwa mkumbo wa Ijumaa, kanzu nyeupe kichochoro kizima. Jecha sikumtuma mbele mara hii, lakini walimpokea mti kwa nguvu za upendo akajikuta nyuma yao, anaruka ruka aone.

Na Mwalimu Shaame akaja, akashika mti wa kulia, akanyanyua sauti yake.

Nlihisi machela inatikisika. Jaku alikuwa akipiga teke chini ya turubai. Kwa nini Jaku alipiga na Bwana Noorali hakupiga sijui, labda Bwana Noorali hakuwa na nguvu ya kupiga. Nikaupiga ukelele ambao sikujua kama umo ndani yangu. "Hajafa! Mwachieni! Mwalimu, toka njiani, hajafa huyu!" Mwalimu hakuelewa, akaendelea kushika. Nikausukuma mkono wake. Nliusukuma kwa nguvu, akayumba, kofia yake ikaanguka majini.

Dhikri ikakatika. Nikalifunua turubai usoni, na Jaku akasema kwa sauti nyembamba, "Mimi mzima, jamani, nipelekeni." Mtu mmoja akacheka kwa woga. Njia ikafunguka pande zote mbili, tukateremsha machela mikononi, tukakimbia. Nlipomtazama Mwalimu alikuwa bado kasimama, hana kofia, mvua inampiga kichwani. Sijapata kukiona kichwa chake kitupu.

Daktari kampokea mlangoni. Sindano, hewa, ile mashine ya kuchora moyo. Magharibi Jaku anaomba chai.

Jumamosi, 10 Mei

Mtaa mzima unasema Msabah kamsukuma mkwewe mbele ya msikiti. Wanu hasemi nami. Kaniwekea chakula akakifunika akaenda jikoni.

Jumapili, 11 Mei

Mwalimu kaja nyumbani kwetu. Nlidhani kaja kumchukua binti yake, na ningempa. Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," akajibu marahaba kwa sauti ya kawaida, akakaa kwenye mkeka. Wanu akasimama mlangoni.

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono. "Sikuja kwa la Ijumaa. Umefanya ulivyopaswa. Nimekuja kukuuliza la yule mwengine. Yule wa Kihindi." Akavuta pumzi. "Nlipotia bega langu, alikuwa kashakufa?"

Nimeitika naam miaka yote. Ingetosha naam moja zaidi, mzee angerudi kwake akalala. Nikasema, "La, Mwalimu. Alikuwa hai."

"Na nlipopinda msikitini?"

"Alikuwa hai."

"Na wewe ulijua."

"Nlijua. Nlikuonea haya."

Machozi yalikuwa yakimdondoka Mwalimu ndevuni na hakuyafuta. Kisha akasema, "Nimekufunza kusoma, nimekufunza kutawadha, nimekufunza kumheshimu mkubwa wako. Sasa nambie, Msabah, mimi nimekufunza nini?" Wanu alikuja akakaa karibu na baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akanitazama, na bora asingenitazama.

Kabla ya kuondoka Mwalimu akasema, "Mjane yuko edani. Twende sote wawili."

Jumatatu, 12 Mei

Kwanza daktari. Nlimwambia yote kasimama, sikumpa nafasi ya kukaa. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwezi mzima nimepigana na mitaro." Akaenda dirishani. "Nimewatukana watu wa mji kwa ajili ya maji. Kumbe maji hayakumuua mtu." Nlitaraji anifukuze. Ningeshukuru. Akageuka akaniuliza mambo mengine, moja moja: watu huanza kuja wapi, hutambuaje, nini kingewazuia. Nikamjibu, na safari hii nlimjibu kweli.

Amri mpya ni hizi. Mgonjwa hafunikwi uso, anyeshewe, atakaushwa. Machela haipandi begani hata maji yakifika kiunoni. Tutakuwa watatu, na wa tatu atatangulia mbele akipiga kelele kuwa huyu ni mgonjwa na yu hai, apishwe. Daktari kasema, "Na anayetangulia ni wewe."

Mimi, niliyekuwa nafunga mwavuli mtu akipita.

Alhamisi, 15 Mei

Tumekwenda Kiponda, mimi na Mwalimu. Hasan katupokea, katuketisha ukumbini. Katikati ya ukumbi wametundika pazia, na Bi Kulsumbai alikuwa nyuma yake. Tulisikia kiti kikisogezwa.

Mwalimu alitaka kuanza, sauti ikamkatika. Nikasema mimi. Nlisema nlivyomfunika, nlivyowaachia watu wakatia mabega, nlivyonyamaza penye njia panda, nlivyosema uongo mlangoni pa msikiti. Nlisema angefika mapema na daktari alikuwapo anamngoja. Sikusema angepona, maana hilo Mungu ndiye ajuaye, lakini hilo nalo nlilisema kwa kulificha, na Hasan alilifahamu, nlimwona akiuma mdomo.

Pazia halikutikisika.

"Mimi nilikuwa dirishani," Bi Kulsumbai akasema. Kiswahili chake kizuri, cha mtu aliyezaliwa hapa hapa. "Nilimwona anatoka, nikasema Alhamdulillahi, wamekuja upesi. Kisha nikaona mnampandisha begani, mmemfunika uso, na watu wanakuja. Nikajua kafa. Nikapiga yowe. Nikavunja bangili zangu, kama afanyavyo mjane, pale pale kwenye kizingiti cha dirisha. Unaniambia alikuwa hai nikimlilia?"

"Naam, bi."

"Alinisikia?"

Jambo moja sikuliandika siku ile. Yowe lile nililisikia. Lilitoka juu yetu, la mwanamke, na liliposikika mkono ulitoka chini ya shuka ukashika mti wa machela karibu na sikio langu, ukaushika kwa nguvu, kisha ukaachia. Nimeuona mkono ule kila nikifumba macho na sikuthubutu kuuandika hata hapa ambapo hapana asomaye.

Mwalimu akanitazama. Alitaka nseme hapana. Nliona wazi usoni kwake, na yeye ndiye aliyenifunza kuwa uongo ni haramu.

"Alikusikia, bi," nikasema.

Hasan alisimama akatufungulia mlango. Hakutufukuza, alisimama tu kashika kitasa. Tulipofika chini tulisikia juu sauti, si ya kulia, ya mtu anayesema maneno yale yale kwa Kikachi, lugha ya kwao, tena na tena. Mwalimu aliteremka kwa kunishika bega. Sijui kama tumetenda wema au tumemwongezea msiba mtu ambaye alikuwa keshauzoea msiba wake. Jana nlidhani nikisema haya hatia itanitoka. Haijatoka. Sasa iko hata nyumba ile.

Alhamisi, 22 Mei

Wagonjwa wawili wa kifua wiki hii. Natangulia napiga kelele, sauti imenikauka, Wanu ananchemshia asali na ndimu. Watu wananicheka, wananiita Yu-Hai. Lakini wanapisha. Daktari kasema mmoja wao, asingefika upesi vile, asingepona.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imepungua, jua limetoka baina yake. Asubuhi tuliitwa mwisho wa Kiponda, mzee mmoja, na njia ya karibu ni kupita chini ya dirisha la Bi Kulsumbai.

Nlianza vizuri. "Mgonjwa! Yu hai! Tupisheni!" Watu wakabana ukutani, wengine wakaniitikia kwa mzaha, yu hai, yu hai. Jecha na mwenzake mpya nyuma yangu wanakwenda mbio. Kisha nikaliona dirisha lile, limefungwa, na kizingiti chake, na sauti ikanifia kooni. Nlisema moyoni, nitapita hapa kimya, hatua chache tu, nisimtoneshe mtu kidonda. Nikainamisha kichwa.

Na kwenye kona mbele yetu, watu waliokaa barazani, walipoona machela inakuja na mtu wa mbele kainama, wakasimama. Mmoja akashuka aje kutia bega.

Dirisha likafunguka juu. Mwanamke aliye edani, hata sauti yake haitakiwi kusikika na wanaume wa njiani. Sikunyanyua uso. Lakini mtaa mzima ulimsikia.

"Wewe! Usinyamaze hapa! Waambie yu hai!"

Nikawaambia.